Kibubu cha Mahujaji: Safari Yetu ya Kuala Lumpur

Katika mwezi wa Rajabu uliopita Mwenyezi Mungu alitujaalia safari ambayo hatukuitazamia. Mwana wa ndugu yetu, aliyehitimu Kurani katika chuo chetu hapa Tanga, alikuwa akimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilichoko Gombak, karibu na Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia. Naye, Mungu ambariki, akatuletea nauli. Twaandika haya kwa sababu katika tuliyoyaona limo jambo linaloigusa kila nyumba yenye watoto wa kusomesha na yenye nia ya Haji.

Jina la Kuala Lumpur maana yake ni makutano ya mito yenye tope. Mji huo ulianzishwa mwaka 1857 na wachimba bati, na mahali mto Klang unapokutana na mto Gombak umejengwa msikiti uitwao Masjid Jamek, uliofunguliwa mwaka 1909. Tuliswali Alasiri humo, kisha kijana wetu akatupeleka mtaa wa Kampung Baru, wenye nyumba za mbao za Wamalay na miti ya matunda uani. Kutoka barazani mwa nyumba hizo huonekana minara miwili ya Petronas, yenye orofa 88 na urefu wa mita 452. Tulipokuwa tukiikodolea macho, kijana akasema, "Ami, kila mgeni huja kuitazama minara hii. Kesho nitakupeleka kwenye jumba lililowafaa watu zaidi."

Kabla ya kulieleza jumba hilo, yapasa tueleze hali ya watu. Mwaka 1970, katika upande wa rasi wa nchi ile, karibu nusu ya nyumba zilikuwa katika ufukara. Kazi zilikuwa kugema mpira, kulima mpunga, kuvua na kuchimba bati. Leo watu wengi tuliowaona si matajiri wala si mafukara: ni watu wa kati, wenye nyumba ya kujistiri, gari la kwendea kazini, na mtoto aliyefika chuo kikuu. Mabadiliko hayo yalitoka wapi?

Sehemu moja yalitoka kwa fedha ya wageni. Mwaka 1972 serikali ilifungua eneo la viwanda Bayan Lepas, katika kisiwa cha Penang, na makampuni ya ng'ambo yakaja kutengeneza vyombo vya umeme. Wasichana wa vijijini, ambao mama zao walikuwa wakigema mpira, wakapata mshahara wa kila mwezi. Fedha ya namna hii huingia ardhini: hugeuka ukuta, mashine na ujuzi mikononi mwa watu, na mwenyewe hawezi kuiondoa kwa usiku mmoja.

Lakini iko fedha ya namna ya pili, nayo hununua karatasi za hisa asubuhi na kuziuza jioni. Mwezi wa Julai 1997 sarafu ya Thailand ilianguka, na wenye fedha wa dunia wakaingiwa na hofu juu ya majirani zake wote. Dola moja, iliyokuwa ikipatikana kwa ringgit mbili na nusu, ilipofika Januari 1998 ilikaribia ringgit tano. Biashara zikafungwa, na watu waliokuwa wameanza kuinuka wakajikuta wanadaiwa. Thailand, Indonesia na Korea ya Kusini zilikwenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Malaysia haikufanya hivyo. Septemba 1998 ilizuia fedha hizo za haraka zisitoke ovyo, ikaifunga sarafu yake kwenye ringgit 3.80 kwa dola, na ikakaa hivyo hata mwaka 2005. Wataalamu wangali wakibishana juu ya dawa ile. Sisi si wataalamu. Tuliona tu kwamba mgeni mwenye mkoba mlangoni hawezi kuwa nguzo ya nyumba.

Ama jumba tuliloahidiwa, ni makao makuu ya Tabung Haji. Limejengwa kwa umbo la ngoma, na nguzo zake kubwa tano zinaashiria nguzo za Uislamu. Tulipouliza maana ya jina hilo tulifurahi sana, maana tabung ni kile chombo cha kuwekea senti. Yaani hiki ni kibubu cha Haji!

Asili yake ni hii. Zamani mkulima wa Kimalay alificha akiba yake chini ya mto au ndani ya mtungi, na mwisho aliuza shamba na nyati wake ili aende Makka. Akirudi, amekwisha kuwa haji lakini watoto wake hawana pa kulima. Mwaka 1959 mwanachuoni wa uchumi, Ungku Aziz, aliandika shauri kwamba akiba hizo zikusanywe mahali pamoja, zifanye kazi ya halali isiyo na riba, na faida irudi kwa wenyewe. Kibubu kilifunguliwa Septemba 1963 kwa watu 1,281 tu. Leo wenye akiba humo ni zaidi ya milioni 8, na fedha zao zimo katika mashamba ya michikichi, majumba na biashara nyingine.

Hapo tulinyamaza, na kijana akauliza kama tumechoka. Hatukuchoka. Tulimkumbuka mzee wetu aliyeuza minazi yake kwa ajili ya safari hiyo hiyo. Tulijikumbuka na sisi wenyewe, ambao kwa miaka saba tulimpa mtu mmoja akiba yetu ya Haji, bila hati wala shahidi, kwa kuwa tuliona haya kumdai maandishi ndugu katika dini. Naye akafa, na warithi wake hawakujua lolote. Sisi ndio tuwafundishao watoto amri ya Mwenyezi Mungu ya kuandika deni! Twalisema hili kwa aibu, ili mwingine asiangukie shimo hilo.

Wala msidhani kibubu cha Wamalay hakikupata ufa. Mwaka 2018 serikali yao ilitangaza kuwa mali ya Tabung Haji imepungua kwa ringgit bilioni 4 hivi kuliko amana za watu, hali faida ilikuwa imeendelea kugawiwa. Serikali ikaingia kuiokoa. Lakini upungufu ule ulijulikana kwa sababu daftari lilikuwapo na lilikaguliwa. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi ndugu zetu, fedha ya mgeni ikija kujenga kiwanda tuikaribishe, na vijana wetu wajifunze kazi. Lakini tusingojee mgeni ndipo tuinuke. Nyumba ya wastani husimama kwa senti ndogo ndogo zilizokusanywa kwa uaminifu, zikaandikwa, na zikasomwa mbele ya wenyewe.

Tuliporudi Tanga tulinunua kibubu kimoja na daftari moja kwa ajili ya chuo chetu. Kila Alhamisi mtoto mmoja huhesabu, wa pili huandika, na wa tatu husoma kwa sauti mbele ya wazazi. Juma la kwanza zilipatikana shilingi 4,350. Ni kidogo, lakini hakuna mzazi asiyejua ni ngapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunza amana. Wabillahi taufiki.