Tulimpangia Sheria Asipokuwepo, Akatuhama

Basi bwana, siku ya kwanza bibi alipotusikia tukiuliza, "Mchawi wetu kabakiwa na nguvu ngapi?" alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tulikuwa sebuleni kwake, Old Moshi, ambako tunapanda kila Jumamosi kutoka mjini. Ikabidi nimweleze taratibu kwamba hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia hadithi, wengine tunaigiza mashujaa, na dadu la pande 20 linaamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Harogwi mtu hapa.

Bibi akasema sawa, ila hilo neno asilisikie tena ndani ya nyumba yake. Hiyo ndiyo ikawa sheria yetu ya kwanza ya nyumbani: mwenye uchawi anaitwa fundi.

Sheria ya pili ndiyo iliyotutoa jasho.

Kwa msiocheza: fundi hatumii nguvu zake anavyotaka. Akifika ngazi ya 5 ana nafasi 9 tu kwa siku: 4 za daraja la kwanza, 3 za daraja la pili na 2 za daraja la tatu. Zikiisha, mpaka alale usingizi mrefu, saa 8 za ndani ya hadithi. Sisi wenye mapanga hatuna habari hizo. Tunakata tu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sasa fundi wetu, mshikaji wangu ambaye simtaji jina, alikuwa na tabia moja. Pambano la kwanza tu, mpira wa moto. La pili, mpira wa moto mwingine. Halafu anaegemea kochi: "Jamani, tulale." Kulala gani wakati kwenye hadithi ni saa nne asubuhi? Na bila yeye hatusogei. Nusu ya Jumamosi ikawa inaishia kwenye kubishana.

Tukafanya ujinga. Tukafungua grupu lingine la WhatsApp, yeye hayumo, tukapitisha: mpira wa moto ni mara moja kwa siku. Jumamosi tukamsomea. Hakubisha. Alicheza kimyakimya, akaondoka hata chai hajanywa. Wiki iliyofuata hakuja. Wiki tatu zikapita.

Nilimfuata kwake. Alichoniambia bado kinaniuma: "Kazini nahesabiwa mpaka dakika za kula. Jumamosi ndiyo siku pekee nilikuwa naamua kitu. Na nyie mkaanza kunihesabia."

Nilikosa la kusema. Tulikuwa tumepiga vita mpira wa moto, kumbe tumempiga mtu.

Nikamsimulia bibi. Hakuelewa mambo ya dadu, ila alielewa shida. Akaniuliza, "Mfongo unaujua?" Naujua, ile mifereji ya wazee inayoshusha maji ya mlimani mpaka kwenye vihamba. Akasema, "Maji ni yaleyale na migomba ni mingi, kwa hiyo kuna zamu. Mfereji ukiziba, wote mnatoka kuusafisha. Lakini zamu ya mtu haipangwi yeye akiwa hayupo. Ukimpangia hivyo, usiku ataenda kuyafungulia mwenyewe, na hutakuwa na neno."

Halafu akanikatia jani la isale pale mpakani mwa kihamba. Wachagga wenzangu mnajua: anayekuja na isale kuomba msamaha, si rahisi kumfukuza. Mimi nilidhani tutacheka. Mshikaji hakucheka. Alilishika lile jani, akalitazama muda mrefu, akasema, "Jumamosi nakuja. Ila sheria tunaandika wote."

Na kweli tuliandika wote. Tuna watu watatu wanaotumia nguvu: fundi, padre na mzee wa msitu. Tukakubaliana nguvu ya daraja la kwanza ni harage 1, la pili 2, la tatu 3. Kwa hesabu hiyo kila mmoja alistahili 16, jumla 48. Tukaweka 36 kwenye bakuli moja katikati ya meza. Huo ndio mfongo wetu. Kila mtu anachota, ila wote wanaona kinachobaki. Ukitaka kuchota zaidi ya 12, unaomba kwa sauti, na mwenzako ana haki ya kukataa. Hiyo ya kuomba kwa sauti aliileta fundi mwenyewe. Mpira wa moto haukuguswa, anarusha mingapi anayotaka.

Jumamosi iliyopita tulibanwa pangoni na yamebaki maharage 3. Mpira mmoja kamili wa moto. Wote tukamwangalia yeye. Akalisukuma bakuli kwa padre: "Mtibu kwanza huyu mwenye upanga, tutakimbia." Mwenye upanga ni mimi.

Tulikimbia kweli, adui akabaki anatucheka. Siku hiyo fundi alikunywa chai vikombe viwili, na bibi akamfungia ndizi za kwenda nazo mjini.

Kwa hiyo wewe mwenye meza yako, punguza nguvu za fundi ukitaka, ongeza ukitaka. Ila awepo mnapohesabu.

Na wewe je, ulishawahi kupangiwa sheria nyuma ya mgongo wako? Ulirudi au ulihama moja kwa moja?