Pongo katika Bustani ya Marangu

Mwezi uliopita nalisafiri kwenda Marangu kumtazama dada yangu. Kihamba chake ki juu, karibu na msitu wa Kilimanjaro, ulioingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nalimkuta bustanini amenyamaza: kabichi zimebaki vikonyo, na maharage hayana ncha. Mboga hizo ndizo daftari za wanawe.

“Kaka, ni pongo,” akasema. “Huja usiku, peke yake, akishtuka hubweka kama mbwa.”

Uzio wake ulikuwa wa masale. Masale ni mpaka wa heshima kati ya Mchagga na jirani yake, lakini pongo hakufundishwa heshima hiyo, hupenya chini. Jirani alitaka kutega kitanzi. Dada akakataa, kwani watoto hupita pale alfajiri kwenda mfongoni.

Basi tukaziba nafasi kwa fito na miiba, kisha tukakoroga samadi ya mbuzi na maji, tukazipaka fito, wala si mboga. Wenyeji husema harufu ile humchukiza, ila mvua huiosha.

Usiku wa tatu nikasikia kubweka. Asubuhi nyayo zilikuwa nje ya uzio. Siku ya nne ikanyesha mvua kubwa. Dada akashika ndoo kabla sijanywa chai.