Mwandishi Wetu, Moscow

Mwaka 2020, kwa miezi michache, nilikuwa mwandishi wa michezo mjini Moscow. Kazi yenyewe niliifanyia Kiirua, jikoni kwa mamangu, kwa sababu jikoni kulikuwa na joto na pale dirishani ndipo mtandao ulikuwa unashika.

Kama hujawahi kufika, Kiirua iko Buuri, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale nchi inapoanza kuteremka kuelekea Isiolo. Watu wa Nairobi wakisikia Meru wanafikiria miraa. Kwetu ni viazi, maharagwe, ngano na upepo. Nilirudi huko mwezi wa Machi serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Nilikuwa mwaka wa pili, nikiwa na deni la karo ambalo hata bila korona lingenifukuza. Karo ya mwaka wa kwanza ilitoka kwa mjomba wangu, aliyeuza mtamba wake. Kwa hivyo kila aliponiuliza, "Chuo kinafunguliwa lini?" nilijua anauliza pia habari za ng'ombe wake.

Rafiki mmoja wa chuo aliniunganisha na jamaa aliyekuwa na tovuti ya utabiri wa mechi kwa watu wa kubeti. Shilingi 150 kwa makala, kwa M-Pesa, kila Jumamosi. Tatizo ni kwamba mechi hazikuwepo. Uingereza ilikuwa imefunga, Uhispania imefunga, Kenya imefunga. Barani Ulaya ni Belarus tu waliokuwa bado wanacheza, kana kwamba hawajaambiwa. Basi nikaanzia Belarus. Ujerumani iliporudi mwezi wa Mei, waandishi wenye jina waligawana Ujerumani, nami nikapandishwa cheo: nikapewa Urusi, ambayo ligi yake ingeanza tena tarehe 19 Juni. Mhariri hakutaka jina langu. Juu ya kila makala aliweka "Na Mwandishi Wetu, Moscow."

Sikuwa najua Kirusi hata neno moja. Nilikuwa nafungua magazeti yao ya michezo kwa simu yenye kioo kilichopasuka: Sovetsky Sport, lililoanza mwaka 1924 likiitwa Krasny Sport, na Sport-Express, lililoanzishwa mwaka 1991 na waandishi waliotoka hukohuko Sovetsky Sport. Programu ya kutafsiri ilinipa Kiingereza, nami Kiingereza nikakigeuza Kiswahili. Siku moja niliandika kwamba kipa fulani alibaki mkavu mechi nzima, nikaongeza kwa akili yangu kwamba mvua haikunyesha. Baadaye nikagundua kwamba kwa Warusi "mkavu" ni kipa ambaye hakufungwa bao. Siku nyingine nikasoma kuhusu "malegionari" wa timu moja, nikadhani ni wanajeshi. Kumbe ni wachezaji wa kigeni.

Hakuna aliyelalamika. Na Kiswahili changu kilikuwa kizuri, hilo nitalisema bila aibu, kwa sababu nilikuwa nimekifunza mahali pazuri: kwa bucha.

Nikiwa mdogo, nyama nyumbani ilikuja imefungwa kwa gazeti. Mara nyingi lilikuwa Taifa Leo, lakini siku za bahati lilikuwa Mwanaspoti. Hilo lilianzishwa Tanzania mwaka 2001 na lilikuwa linavuka mpaka, na mpaka leo sijaona watu wanaoandika mpira kama wale. Kwao timu haikushinda tu. Iliua, ilinyoa, ilitandika, ilimtoa mtu kamasi. Nilikuwa nakunjua nusu kilo ya nyama na kusoma kwamba Simba imeiua Yanga, na damu ilikuwepo kweli, imelowa hadi kwenye picha. Mamangu alikuwa akipiga kelele nilete nyama, mimi bado niko na karatasi.

Ila mwenye bucha alikata gazeti vipande. Habari ilikuwa inaishia katikati: beki amepokea mpira, anageuka, halafu makasi. Sikuwa na njia ya kujua kilichofuata, kwa hivyo nilizoea kujimalizia mwenyewe. Nilikuwa nawasimulia watoto wengine shuleni mechi nzima, na nusu yake ilikuwa yangu. Waliniamini. Ilikuwa raha sana kuaminiwa.

Makala yangu ya kwanza ya ligi ya Urusi ilihusu Sochi dhidi ya Rostov. Niliiandika Jumanne, tarehe 16. Rostov ilikuwa ya 4 kwenye jedwali, Sochi ilikuwa inahangaika huko chini. Nilieleza jinsi Rostov walivyokuwa wakifanya mazoezi kwa ari, jambo ambalo sikuliona popote, nikamaliza kwa kusema hii ni mechi ya mtu kuweka pesa yake na kulala.

Alhamisi nilipata bando, nikafungua gazeti la Kirusi. Habari ilikuwepo tangu jana yake: wachezaji 6 wa Rostov walikuwa wamepatikana na korona, na kikosi chote cha kwanza kilikuwa kimewekwa karantini. Rostov walikuwa wameomba mechi iahirishwe na Sochi wakakataa. Walioenda kucheza ni watoto wa timu ya vijana.

Niliisoma mara mbili ili nisisingizie programu. Halafu nikamwandikia mhariri. Akajibu kwamba makala imeshaanza kusomwa, na kwamba marekebisho hayalipwi. Sikubishana naye. Ningeweza kumsukuma, ningeweza hata kuandika onyo langu kwenye grupu za WhatsApp za vijiji vyetu, kwa sababu nilijua kiungo cha makala kilikuwa kinazunguka huko. Nilijiambia, nani huku anajua Rostov? Nikazima simu nikaenda kukamua.

Ijumaa jioni mjomba akaja. Alikuja akiwa na simu yake mkononi na furaha ya mtu aliye na siri nzuri.

"Kuna jamaa anaandika hizi maneno za Urusi," akaniambia. "Si kama hawa wetu wa kubahatisha. Huyu yuko hukohuko Moscow. Anaona hao watu wakifanya mazoezi."

"Anko, umeweka?"

"Nimeweka sasa hivi. Ile ya mbegu na mbolea. Elfu nane."

Pesa ya mbegu ni ya Oktoba, mvua za vuli zikija. Alikuwa ameiweka tangu auze maharagwe. Niliangalia chini. Mama alikuwa anamwaga chai. Sikusema kitu.

Saa za Moscow na saa za Kiirua ni zilezile, jambo ambalo nilikuwa nalifurahia sana kwa sababu lilinifanya nijione kweli niko kazini. Jioni hiyo tulifuata matokeo kwa simu ya mjomba, mstari kwa mstari. Dakika ya kwanza kabisa, Rostov wakafunga. Mfungaji alikuwa kijana wa miaka 17. Mjomba akanipiga begani. "Si nilikwambia!"

Mechi iliisha 10-1 kwa Sochi.

Jina moja tu ndilo nalikumbuka bila kutazama popote: Denis Popov, kipa wa Rostov, naye miaka 17. Alifungwa mabao 10, na bado ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mechi, kwa sababu aliokoa mipira 15, mmoja wao penalti. Unaweza kufikiria hiyo. Mtoto ametumwa kazi ya watu wazima ambao hawapo, anasimama pale mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na miaka 20 na nilikuwa nimeshindwa kusema sentensi moja mbele ya chai.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema tu, "Huyo wa Moscow naye alidanganywa." Akaenda nyumbani.

Niliendelea kuandika kwa wiki mbili hivi, kisha nikaacha. Lakini kusoma sikuacha. Ndipo nikakutana na habari ya tarehe 20 Oktoba 1982. Spartak Moscow walikuwa wanacheza na Haarlem ya Uholanzi katika uwanja wa Luzhniki, usiku wa barafu. Watu walipokuwa wanatoka, walikanyagana kwenye ngazi. Spartak walishinda 2-0, bao la pili likiingia mwishoni kabisa. Mfungaji wake, Sergei Shvetsov, alikuja kusema baadaye kwamba angetamani asingelifunga. Siku iliyofuata gazeti moja la jioni la Moscow lilitoa mistari michache tu: kulikuwa na tukio, kuna walioumia. Magazeti ya michezo yalitoa matokeo ya mpira.

Ilipita miaka 7. Mwaka 1989 Sovetsky Sport likaandika kwamba usiku ule watu walikufa, likataja kama 340. Nchi nzima ilishtuka. Lakini hata hiyo hesabu ilikuwa na walakini: idadi rasmi ni watu 66, wengi wao vijana, na ile 340 imepingwa tangu hapo.

Nilikaa na habari hiyo kwa siku nyingi. Nilijua waandishi wa 1982 hawakuwa huru kama mimi. Wao wangefungiwa kazi au kufungwa wenyewe, mimi ningepoteza shilingi 150. Lakini niliyaona makosa mawili yakiwa yamelala kwenye kaburi moja. Kwanza watu waliojua walinyamaza. Halafu, penye pengo walilolifungua kwa kunyamaza, mtu akajazia. Mimi nilifanya yote mawili kati ya Jumanne na Ijumaa.

Kuna kitu mjomba hupenda kusema kuhusu tarehe 23 Oktoba 2010, Gor Mahia na AFC Leopards walipocheza Nyayo na watu wakakanyagana langoni. Ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa darasa la nne, yeye alikuwa na rafiki wa ujana aliyeenda kutazama. Hakulala. Kufikia Jumatatu magazeti yalikuwa yamesema: watu 7. Yule rafiki hakuwemo. Mjomba husema ndiyo siku aliyoelewa kwa nini gazeti huuzwa. Alikuwa ananisimulia hivyo kunitia moyo, nilipomwambia nikiwa sekondari kwamba nataka kuwa mwandishi.

Oktoba 2020 mvua ikaja. Mjomba alikuwa na mbegu ya kutosha nusu ya shamba lake, viazi vidogo alivyobakisha vya kwake mwenyewe, vimeshachipuka. Nilienda kumsaidia kupanda. Yeye anaweka kiazi, mimi nafukia. Ile nusu nyingine ilikuwa magugu.

"Anko," nikasema, "yule mtu wa Moscow."

"Huyo nilishamsamehe. Alikuwa mbali na ile timu. Hakujua."

"Hakuwa Moscow. Alikuwa hapa. Na alijua."

Aliweka kiazi kingine. Akaweka cha pili. Hakunitazama.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Mimi niliweka Ijumaa," akasema.

Tulimaliza mstari. Nilingoja anitukane na ingekuwa nafuu. Mwishoni mwa mstari alinyoosha mgongo, akaonyesha ile nusu ya magugu kwa kidevu. "Hiyo itahitaji kulimwa," akasema, akaenda kunywa maji. Niliilima kwa siku nne. Hakukuwa na mbegu ya kupanda pale, na hakuna aliyejifanya ipo.

Vyuo vilipofunguliwa, sikurudi. Sitasema ni kwa sababu ya Rostov. Ni karo. Ile elfu nane nililipa kidogokidogo, mia tano, mia tatu, na ya mwisho aliirudisha akisema ninunue daftari.

Siku hizi ninaandika michezo kwa yeyote anayelipa, pamoja na vitu vingine vya kunipa kodi ya nyumba. Nikiwa nyumbani, Jumapili huenda uwanjani kutazama vijana wa kwetu wakicheza na wa Naari au Ruiri. Naandika jina la mfungaji, dakika, na mtu aliyetoa pasi. Mtu akinisimulia kilichotokea upande wa pili wa uwanja, naandika kwamba nimesimuliwa. Maneno ya Mwanaspoti bado ninayo, timu bado zinaua na kunyoa, ila nahakikisha kwanza kwamba kuna maiti.

Nikichapisha kitu, mjomba ndiye hunipigia wa kwanza. Haniulizi kama nimelipwa, wala kama watu wamesoma. Huuliza swali moja, kisha ndipo anafungua kiungo.

"Ulikuwepo?"

Mara nyingine namjibu sikuwepo, Anko, lakini nimeandika hapo kwamba sikuwepo. Huguna, halafu nasikia amevaa miwani.