Baiskeli ya Kukodi

Likizo iliyopita nilikodi baiskeli hapa Maguu, nikidhani nitazunguka vigango vyote kwa siku moja. Wapi! Milima ya Umatengo inakupa mteremko mfupi, kisha unaisukuma baiskeli mpaka jasho likutoke. Nilipokuwa nahema kando ya shamba la ngoro, bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alinicheka: “Frateri, leo baiskeli imekupanda wewe?”

Nikamwamkia, nikazifunga kuni zake kwenye keria, tukatembea. Njiani akaniambia mumewe yuko kitandani tangu Pasaka, hajapokea Komunyo.

Jioni nilimweleza paroko. Kesho yake alimpelekea Ekaristi. Kigango nilifika kimoja tu, na baiskeli niliirudisha nimechelewa, nikaongeza hela. Lakini najiuliza: pale pangekuwa mteremko, si ningempita yule bibi kwa kengele tu?