Daktari wa Hospitali na Daktari wa Tiba ya Asili

Naandika kutoka hapa West Side, Buffalo. Liko swali moja linalorudi kila tunapokutana msibani au harusini: mgonjwa wetu tumpeleke kwa daktari wa hospitali, au kwa yule wa tiba ya asili ambaye Wamarekani humwita naturopathi? Naomba nami nitoe maoni yangu.

Kwanza, masomo yao. Daktari wa hospitali, baada ya chuo, husomea udaktari miaka 4, kisha hufanya kazi chini ya wakubwa wake miaka 3 hadi 7. Naturopathi aliyehitimu katika shule inayotambuliwa naye husoma miaka 4, akajifunza mwili, vyakula na miti ya dawa. Lakini katika majimbo mengi halazimiki kupitia mazoezi ya hospitalini. Wako pia waliosoma kwa posta tu, nao hujiita jina lilelile.

Pili, sheria. Jirani zetu Vermont na Connecticut huwapa leseni. New York haiwapi, ingawa Mjerumani Benedict Lust, aliyeieneza tiba hiyo Marekani, alifungua shule yake katika mji wa New York mwaka 1901. Kwa hiyo hapa kwetu naturopathi ni mshauri tu. Haandiki dawa za hospitali, na Medicaid haimlipi. Utamlipa kutoka mfukoni mwako.

Simdharau hata kidogo. Hukaa na mgonjwa kwa muda mrefu, akamwuliza anakula nini, analala vipi, ana huzuni gani. Wala miti ya dawa si upuuzi. Sisi tuliotoka Bukavu twakijua kiwanda cha Pharmakina, kilichotoa kwinini katika magamba ya miti iliyopandwa Kivu. Basi mti na kidonge ni ndugu. Tofauti yao ni kipimo: kidonge kimepimwa, majani ya sufuriani hayakupimwa.

Hapo ndipo penye hatari. Shangazi yangu ana ugonjwa wa sukari, naye hujidunga insulini. Kila jioni alikunywa pia maji ya mwarobaini, ambao nao huweza kushusha sukari. Siku moja sukari ilishuka mno, akatetemeka na kutokwa jasho. Daktari akamwuliza kwa mkalimani, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Akajibu, "Hapana." Hakusema uongo, kwake yale ni majani, si dawa. Daktari alipouliza, "Na jioni wanywa nini?" ndipo jambo likafunuka. Hakumkaripia. Alimweleza mambo mawili hayo yanavyokutana mwilini, na shangazi akayaacha majani kwa hiari yake.

Basi nashauri hivi. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mjamzito kutokwa damu, mtoto kupoteza fahamu: pigeni 911, msingoje majani kuchemka. Kwa mengine, ukimwona naturopathi, mwambie dawa zote ulizopewa hospitalini. Na ukienda hospitali, chukua majani yako mkononi uyaonyeshe. Mkalimani ni haki yako, hulipi kitu. Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Na mficha dawa ni vivyo hivyo.

Mungu awajalieni afya njema, wakubwa kwa wadogo.