Nilimsindikiza mtoto maktaba, nikarudi na somo langu

Jumamosi moja nilimpeleka binti yangu wa kidato cha pili Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohammed, Dar es Salaam. Nilikusudia kumwacha pale, niende Kariakoo, kisha nimpitie jioni. Mimi niliishia darasa la saba, na maktaba niliihesabu kuwa ya wanafunzi.

Mhudumu akanipokea: "Karibu mama. Na wewe unatafuta nini?"

Niliona haya kusema sitafuti kitu. Nikajibu, "Kitabu cha kuku."

Sikuwa natania. Mwezi uliotangulia kuku wangu karibu wote walikufa ndani ya wiki moja, na ada ya huyu binti ilikuwa humo humo bandani.

Kitabu kilipatikana, ila cha Kiingereza. Ndani kilikuwa na muhuri wa Book Aid International, shirika la Uingereza lililoanza mwaka 1954 kutuma vitabu kwenye maktaba za nchi nyingine. Nikataka kukirudisha. Binti akanivutia kiti.

"Mama, kaa. Mimi nasoma, wewe niambie kuku walikuwaje."

Akasoma dalili moja moja: kuhema kwa shida, kinyesi cha kijani, shingo kupinda. Nikamwambia, "Huo ni mdondo." Akasema kitabu kinauita Newcastle. Mhudumu akatueleza kuwa huo ni mji wa Uingereza, ambako ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1927. Kumbe kuku wa wenzetu nao walikufa hivyo hivyo!

Hauna tiba, kinga ni chanjo. Mhudumu akatuletea kijitabu cha Kiswahili kuhusu chanjo ya matone ya jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mbegu ya chanjo hiyo, iitwayo I-2, ilitoka Australia, nayo sasa inatengenezwa hapa nchini. Ugonjwa wa bandani kwangu ulikuwa umeshughulikiwa na watu wa mabara matatu, na mimi sikuwa na habari.

Maktaba yenyewe imejengwa kwa ushirikiano wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967. Mkurugenzi wa kwanza wa huduma za maktaba, Max Broome, alitoka Uingereza. Wakutubi wetu walisomea Makerere, Uganda, pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda. Leo tuna chuo chetu cha ukutubi Bagamoyo.

Lakini kitabu kinaweza kuvuka bahari na bado kikashindwa kumfikia mama asiyejua Kiingereza. Hatua ile ya mwisho, kutoka rafuni hadi kichwani mwangu, ilivukwa na binti yangu na mhudumu aliyeniuliza natafuta nini. Vitabu vya Kiswahili vya kazi zetu bado tunavihitaji vingi.

Mzazi mwenzangu, ukimpeleka mtoto maktaba usiishie mlangoni. Ingia, uliza. Binti yangu siku ile aliniona nikijifunza, na tangu hapo hajaniuliza tena kwa nini asome.

Nimenunua vifaranga ishirini. Tarehe ya chanjo ameiandika yeye kwenye kalenda ya jikoni, kwa Kiswahili: mdondo.