Hoja sita, aya hakuna

Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Usevya, na Novemba anakaa kwenye mtihani wa taifa. Wiki iliyopita alirudi na karatasi yake ya jiografia ya utamilifu. Swali la insha lilitaka ajadili athari za kilimo cha umwagiliaji. Aliandika hoja sita, zote sahihi, kila moja mstari mmoja. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: “Fafanua.”

Mimi niliishia darasa la saba, na mtihani wao ni wa Kiingereza. Nikamwambia, “Mama, nieleze kwa Kiswahili. Umesema umwagiliaji hupunguza maji mtoni. Mto gani?”

“Katuma, baba.”

“Hupungua vipi?”

“Huko juu watu huchepusha maji kwenda kwenye majaruba ya mpunga.”

“Halafu?”

“Kiangazi mto hukauka. Viboko wa Hifadhi ya Katavi hurundikana kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Na Mto Kavuu, unaopeleka maji Ziwa Rukwa, nao hupata machache.”

“Basi kilimo hicho ni kibaya?”

Akanyamaza kidogo. “Hapana. Mpunga ndio ulioninunulia sare na madaftari. Ila maji yagawanywe kwa kipimo, na mengine yaachwe yapite.”

Hapo alikuwa amekwisha kujadili. Alitaja hoja, akaeleza inavyotokea, akatoa mfano wa mahali anapopajua, akapima upande wa pili, kisha akasimama na msimamo wake. Usiku ule aliyaandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kamusi ikiwa pembeni. Mstari mmoja ukawa aya nzima.

Watoto wetu wengi hukariri hoja kama orodha ya vitu vya dukani. Orodha inatosha swali likisema “taja”. Likisema “jadili”, msahihishaji anatafuta sababu, mfano na msimamo.

Mzazi mwenzangu, huhitaji Kiingereza wala shahada kusaidia hapo. Mkiwa shambani au mnapochambua mchele, mwulize mtoto: kwa nini? Wapi umeona? Anayekupinga angesema nini? Mwache ajibu mpaka mwisho, usimkatize. Kiingereza mwalimu atakirekebisha. Lakini mtoto asiyezoea kuulizwa “kwa nini” nyumbani, chumba cha mtihani hakitamfundisha kwa saa tatu.